Meno Mfukoni mwa Bwana Harusi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na cherehani haijaanza tena ule ukorofi wake. Mimi mzima, mikono tu ndiyo imebabuka kwa mvuke. Hoteli imejaa, na sisi wa chumba cha kufulia mashuka hayatuishii.

Baba, niseme wazi. Mwaka mzima hupokei simu zangu. Barua unaandika, nami nazifurahia, lakini sauti yako sijaisikia tangu Februari iliyopita. Nimembana shangazi mpaka akasema. Eti unaona haya kuongea kwa sababu ya mapengo, unakunywa uji asubuhi na jioni, na suruali zako umezipunguza kiuno mara mbili. Hata karanga zako za kutafuna ukishona unampa yeye.

Kiuno chako ni inchi thelathini na nne. Nakijua tangu utoto, mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia vipimo dukani. Jipime leo, uniandikie ni ngapi. Kwa maneno utanizungusha, kwa tepu huwezi, wewe ni fundi.

Mwanao,
Kitindamimba

20 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Mgongo upo, cherehani ipo, mimi nipo. Pole kwa mikono, ipake mafuta kabla ya kulala.

Shangazi yako hana siri, ila safari hii hakusema uongo. Manne yameondoka, yote ya juu: mawili ya nyuma upande wa kushoto na mawili ya mbele. Ya nyuma yalioza. Ya mbele niliyaua mwenyewe. Miaka thelathini na mitano nakata uzi kwa meno, na mkasi uko mezani unanitazama. Nilitengenezewa meno ya kuvaa na kuvua. Mwanzoni yalikaa vizuri, kisha yakaanza kucheza. Nikisema "sasa" yanateremka. Yakinichosha nayatoa, nayaweka popote.

Sasa cheka, maana nisipokuambia mimi utaambiwa na mwenye mdomo. Mwezi uliopita nilikuwa namalizia koti la bwana harusi mmoja. Nikayatia meno kwenye mfuko wa kifuani yasije yakapotea. Mwenye koti akaja mapema, mbio mbio, nikamfungia kwenye karatasi. Akaenda kuoa na meno yangu kifuani. Alipovuta leso ampanguse bibi harusi machozi, yakatoka nayo, mbele ya wakwe.

Tangu nisikie habari hiyo mlango wa duka naufungua nusu. Kipimo sikuandikii.

Baba yako

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama mashine imeharibika. Nilipofika kwenye mlango unaofunguliwa nusu nikalia.

Hukusema kama bwana harusi alikurudishia. Akija, usijifiche. Msikilize, halafu uende kwa daktari wa meno. Mimi na kaka tumeshazungumza, la malipo lisikuumize kichwa. Nataka kukusikia, Baba. Hata ukisema kwa mapengo nitaelewa.

Mwanao

17 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba. Natumaini mikono imepona. Usinikasirikie kwa kimya, nilitaka kuandika nikiwa na la kusema.

Bwana harusi alikuja, na mkewe, na meno yangu ndani ya leso iliyopigwa pasi. Nilikimbilia nyuma ya pazia la kujipimia nguo, lakini pazia lenyewe ni fupi, viatu vikanisaliti. Mke ndiye aliyenisemesha. Kumbe anafanya kazi kwa daktari wa meno. Wala hakucheka. Akasema, "Baba, haya meno hayana kosa. Taya lako ndilo limepungua. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika unakosa kazi, unaliwa pole pole. Ndiyo maana yanacheza. Ukiacha hivyo, na yale ya jirani yatalalia pengo." Hilo nililielewa upesi. Koti bila bega ndani yake hulala tu.

Akanipeleka kwa daktari wake. Wakapiga picha ya taya, wakapima sukari, wakauliza kama navuta sigara. Mfupa bado unatosha, ila ningezidi kuchelewa ingebidi waanze kwa kuuongeza. Jumanne nikachomwa ganzi, akanipandia skrubu nne ndogo ndani ya taya. Sikusikia maumivu, mtetemo tu. Tunangoja miezi minne au mitano mfupa uzishike sawasawa, ndipo meno yafungwe juu yake. Hayo hayavuliwi. Hayaendi harusini.

Mbele nimewekewa mawili ya muda, ya sura tu. Daktari ameniapisha nisiyatumie kuuma kitu. Skrubu ikitikiswa kabla haijashikwa, mfupa unaweza kuikataa, na kazi yote ikawa bure.

Mungu awaweke wewe na kaka yako.

Baba yako

30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Shangazi anasema mlango wa duka umerudi kuwa nusu, na hata miadi ya daktari huendi. Moyo wangu hautulii. Kama kuna lililoharibika niambie. Sitakugombeza.

Mwanao

12 Oktoba

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu, na unisamehe sana. Mimi mzima, mzima kabisa.

Mwezi wa saba nilikuwa natia vifungo kwenye shati la sare. Mkono mmoja umeshika nguo, mwingine kifungo, na uzi ukajipeleka mdomoni wenyewe. Nikauma. Kah! Kipande cha jino kikaanguka mezani. Nikajua nimeua kazi ya daktari, fedha za wanangu na wema wa yule mke wa watu, yote kwa uzi mmoja. Mtu mzima, nimeapishwa! Niliona haya kwenda kusema. Nikakaa kimya na pengo langu mpaka ilipofika barua yako. Pale ulipoandika "sitakugombeza" nilisoma mara tatu, nikavaa viatu.

Daktari akapiga picha upya. Nilifumba macho. "Fundi, fumbua," akasema. "Mfupa umeshika. Zote nne." Kilichovunjika ni lile jino la muda tu. Nikaomba maji. Mke wa bwana harusi akacheka, nami nikacheka, mdomo wazi, bila kuuziba kwa mkono.

Wiki mbili zilizopita nimefungiwa ya kudumu. Natafuna pande zote. Nyama nimekula, karanga nimemnyang'anya shangazi yako. Meno haya hayaozi, ila ufizi wake unaweza kuugua nikizembea, kwa hiyo napiga mswaki asubuhi na jioni, na kuna uzi maalumu wa kupitisha katikati ya meno. Mimi na uzi hatuachani. Mkasi sasa uko shingoni kwa kamba, shangazi yako ndiye aliyeufunga, na fundo lake halifunguki.

Kiuno kimerudi hadi inchi thelathini na mbili. Shangazi alipima mara ya pili kwa sababu haniamini. Suruali ya kahawia nimeifumua. Kitambaa cha ziada kilikuwa bado kipo chote ndani ya mshono. Nilipoipunguza, mara zote mbili, mkasi niliushika na sikukikata. Kwa nini, wakati ule sikutaka hata kujiuliza.

Jumapili saa nne asubuhi nakupigia simu. Pokea upesi, nina maneno ya zaidi ya mwaka mzima.

Baba yako