Tangazo kwa Jina la Mama

San Jacinto, 4 Machi 2019

Mdogo wangu Nubia,

Salamu tele. Huku tu wazima, ila moyo unanichemka. Kifua chako kinaendeleaje huko Medellín?

Rodrigo, yule niliyemwita mume, hakutosheka kuiba mitindo yetu ya bembea za kulalia na kufungua duka Cartagena. Sasa mtu akilitafuta jina la marehemu mama, Eulalia, tunalouzia bembea zetu, kwenye mtandao, linatangulia tangazo la Rodrigo la kulipia. Wateja wetu wanaangukia kwake. Kazi yako ni matangazo; nionyeshe pa kumkata. Binamu zetu nimewaambia wabofye tangazo lake kutwa, limfilisi, maana kila mbofyo analipia yeye.

Dada yako, Yadira

Medellín, 9 Machi 2019

Dada mpendwa,

Kifua kimepoa, ahsante. Wazuie binamu. Mibofyo ya hila hubainika, nasi tutakuwa wezi kama yeye.

Kwenye injini kubwa ya utafutaji ukishindana na Rodrigo mtapandishiana bei tu, na wengi wanaobofya pale ni wapita njia. Iko ile ndogo, inayokuja na kompyuta za maofisini. Watu wake wachache, bei yake nafuu, na yeye ameidharau. Nitatangaza kote kuwili, tuone wapi wananunua.

Mdogo wako, Nubia

San Jacinto, 2 Juni 2019

Mdogo wangu,

Hujambo? Nilikuwa kimya kwa kufuma. Injini kubwa ilileta maswali: bei ya mwisho ngapi, kisha kimya. Ile ndogo imemleta bibi Ocampo, mnunuzi wa hoteli moja Cartagena, mteja mkubwa wa Rodrigo. Aliuliza Eulalia ni nani. Nikamwambia ni mama yetu, na Rodrigo alikuwa mkwe tu. Oda yote ameihamishia kwangu. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Dada yako

Medellín, 8 Juni 2019

Dada,

Nimefurahi, na afya yangu njema. Lakini Rodrigo akija, usimtukane. Ameshaanguka.

Mdogo wako

San Jacinto, 30 Septemba 2019

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Rodrigo alikuja jana. Duka amelifunga. Aliomba nimpe bembea akaniuzie.

"Yadira, mimi si mgeni hapa," akasema.

"Kweli. Mgeni ningemsaidia."

Sikumtukana, kama ulivyoniasa. Aliondoka kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Nilidhani nitamhurumia. Nilisimama mlangoni mpaka akapotea, nisije nikakosa hata hatua yake moja.

Dada yako, Yadira