Tangawizi Yenye Ilibaki Mangina

Mangina, 12 mwezi wa tano 2025

Bénite mutoto wangu,

Jambo sana kwako na kwa bwana yako. Batoto banaamuka muzuri? Siye tuko, magoti tu ndiyo inanisumbua. Malachie mwenye pikipiki anakuletea hii barua juu réseau ya simu haiko tena huku.

Ni tangawizi inaniandikisha. Tulipanda mwezi wa kenda, donc iko na miezi munane. Wakati wa jua nilikuwa naingiza maji ya mufereji mu shamba kila siku ya pili, na mpaka leo naingiza. Majani inanifika ku kiuno, kijani kabisa. Mais kuna shida: batu banahama juu ya vita. Familia tatu za karibu na kanisa zimefunga mizigo. Nataka kuchimba wiki hii. Muulize bosi wako, Mama Anne-Marie, kama atelier yake ya kutengeneza dawa itaipokea.

Mama yako, Orpa


Butembo, Kimemi, 16 mwezi wa tano

Mama mupenzi,

Nakusalimia. Batoto bako muzuri; Christa tu alikuwa na kikohozi, leo anacheza. Wewe, paka mafuta ya moto ku magoti.

Nilimuuliza Mama Anne-Marie. Akajibu, "Mwambie angoje." Juzi mutu alituletea tangawizi ya miezi munane, yenye alinywesha mpaka siku ya kuchimba. Ilikuwa maji tupu. Tulikata, tukaanika, ikaota ukungu. Kidogo yenye ilikauka haikukuwa hata na ukali ku ulimi. Batu banakunywa ile dawa juu ya tumbo na kifua, hatuwezi kubapa unga wa bure.

Funga mufereji sasa. Acha majani igeuke manjano, ilale yenyewe. Wiki sita tu. Ndipo nguvu inashuka mu tangawizi na ngozi inakomaa. Nakuomba, usichimbe mbele ya pale.

Mutoto wako, Bénite


Mangina, 3 mwezi wa sita

Mutoto wangu,

Jambo. Tunaamuka. Nimefunga mufereji. Jirani yangu Syauswa alinisaidia kuuziba na udongo. Majani inaanza kugeuka. Naenda kuangalia mara ine kwa siku, utasema niko na mugonjwa mule. Jana nilifukua moja, ngozi bado inatoka na kidole. Donc nangoja.

Mufuko wangu wa nguo uko tayari nyuma ya mulango. Wa Syauswa uko ku mulango wake pia. Tunasalimiana, hatuulizani.

Mama yako, Orpa


Beni, 20 mwezi wa sita

Bénite,

Niko Beni kwa mudogo wangu Virginie. Niko muzima. Juzi asubuhi masasi ya bunduki ililia upande wa mashamba ya kahawa, tukatembea na miguu mpaka jioni. Hata ule mufuko sikushika.

Tangawizi yote iko mu udongo. Ningechimba mwezi wa tano, leo ningekuwa na kitu. Ni wewe ulisema ningoje.

Orpa


Butembo, 19 mwezi wa saba

Mama,

Jambo kwako, hata kama hautaki kunijibu. Hii ni barua yangu ya tatu tangu ufike Beni. Nilipiga simu kwa Mama Virginie, akasema unakula, unaenda kanisani, mais simu yangu unakataa kushika. Uko na haki.

Kazini nakata tangawizi ya batu bengine siku muzima na siwezi kutulia. Naamuka, nakaa, naamuka. Udongo ukiwa mukavu, tangawizi yenye imekomaa inaweza kulala mule muda bila kuharibika. Mais maji ikiingia tena, itaoza, ama itaota upya na nguvu yake itaenda mu majani. Mvua inakuja. Syauswa amerudia Mangina, ametuma neno kama batu bengi bamerudi. Kesho kutwa naenda. Usinitumie neno la kunizuia, halitanikuta.

Mutoto wako, Bénite


Mangina, 26 mwezi wa saba

Mama,

Nakusalimia, niko muzima. Nyumba inasimama, mulango umevunjwa.

Mvua moja kubwa ilipita mbele nifike, ikabomoa ule udongo wa mufereji. Tangawizi ya upande wa chini yote imelainika, kidole kinaingia. Nikaanza kulia. Syauswa akasema, "Lia huku unachimba."

Upande wa juu ulikuwa mukavu. Nilivunja ya kwanza: ngozi ngumu, nyuzi zinaonekana, harufu ikanipanda mu pua mpaka nikapiga chafya. Tukachimba siku tatu. Siku ya pili batu balikimbia ku barabara. Syauswa akauliza, "Twende?" Nikajibu, "Mustari mumoja bado." Nikasikia vile nilisema, nikaogopa. Tukaacha majembe, tukakaa kanisani na bengine mpaka saa kenda. Haikukuwa kitu, tukarudi.

Mifuko saba imetoka. Karibu nusu ya shamba imeoza. Mama Anne-Marie atapokea zote saba. Kwa zile wiki sita, naomba musamaha.

Mutoto wako, Bénite


Beni, 2 mwezi wa munane

Bénite mutoto wangu,

Jambo sana, na wasingya, aksanti, kwa kila jembe ulipiga. Mwambie na Syauswa. Barua yako nilisoma nikitembea mu lupango, mu uwanja wa nyumba, Virginie akasema nitaanguka.

Kuna neno sikukuambia. Siku ine kabla ya masasi, Syauswa alikuja na majembe mawili. Akasema, "Mama Orpa, wiki sita haijaisha, mais tuchimbe, twende." Nikamuonyesha barua yako: "Mutoto amekataza." Haikukuwa barua yenye ilinizuia. Nilitazama yale majani ya manjano, nikasema siku moja tena, kisha siku moja tena. Sikutaka kuhama. Mutu mwenye anangoja shamba lake yuko na sababu ya kubaki kwake. Nilipofika hapa mikono mitupu, ilikuwa rahisi kukutwika wewe ile kosa. Ni yangu. Usiibebe tena.

Na ile "mustari mumoja bado," hapana kuisema tena maisha yako yote. Ile ni sauti yangu, mutoto wangu, na sitaki uirithi.

Nakuja Kimemi na gari ya kesho asubuhi. Munitafutie kisu na nafasi ku meza. Nitakata tangawizi pamoja na nyinyi.

Mama yako