Anayeambiwa Si Ng'ombe

Jumatatu, 6 Februari 2006. Matisi, Kitale.

Vichwa vinne leo. Karatasi ya tamathali za usemi nimeibandika pembeni mwa kioo cha saluni. Wateja wanadhani ni bei za kusuka. Nasuka mstari, nasoma mstari. Tashbihi inalinganisha kwa "kama". Sitiari haihitaji "kama", inasema tu kwamba kitu hiki ni kile. Tashihisi inampa jiwe roho ya mtu.

Mama Kevo aliketi akaanza kulalamika kwamba foleni ya maji leo imefika Uganda. Nikapiga kelele: chuku! Akageuka ghafla, nusura nimng'oe nywele. Nikamweleza kwamba chuku ni kutia chumvi kupita kiasi. Akasema yeye hatii chumvi, niende bombani nikajionee.

Nina furaha ya kipuuzi. Miaka kumi tangu niache shule kidato cha pili, na maneno haya yananishuka kama uji wa asubuhi.

Jumatano, 8 Februari.

Darasa la jioni, Kibomet, nyuma ya kanisa. Watu wazima watupu. Kuna wa bodaboda, wa mboga, na mimi wa nywele. Mwalimu Naibei ametupa kazi: kila mtu alete kipande cha fasihi simulizi kilichotoka mdomoni mwa mtu aliye hai. Vitabu marufuku. Tuseme ni utanzu gani, nafsineni ni nani, yaani anayesema. Nafsinenewa ni nani, yaani anayeambiwa. Halafu tutoe tamathali zote.

Wenzangu wamekimbilia nyimbo za kubembeleza watoto. Mimi nataka majigambo, yale mashairi ya mtu kujisifu bila haya. Na mwenye kujigamba kuliko watu wote ninaowajua ni baba mkwe wangu, Mzee Makokha wa Bungoma. Kwenye sherehe za tohara watu huacha nyama wamsikilize. Mwaka huu ni wa tohara, koo lake lazima liko tayari.

Shida ni mbili. Kwanza, kwetu mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Hampi mkono, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Miaka tisa nimeolewa, sauti yake naijua kuliko sura yake. Pili, Krismasi alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mke wa mtu harudi darasani. Mume wangu Barasa akaangalia viatu vyake. Tangu siku hiyo ana jibu moja tu: Mzee akisema hapana, yeye hawezi kusema ndiyo. Masomo ya jioni ananivumilia. Mtihani wenyewe wa kidato cha nne, hapana.

Kujiandikisha kunafungwa mwisho wa mwezi huu. Nautaka mtihani huo.

Ijumaa, 10 Februari. Bungoma.

Nimekuja na binti yetu Neema. Shamba linalimwa kabla ya mvua na wanahitaji mtu wa kupikia walimaji. Barasa amebaki Kitale na magari ya watu, yamefunguliwa matumbo karakana nzima.

Mama mkwe nilimweleza kazi ya Mwalimu. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha akanipangia mambo kama jenerali. Kila asubuhi, kabla ya kufunga nira, Mzee humsifu dume lake la plau, Chifu. Asipomsifu, anaamini Chifu atavuta kwa uvivu. Mimi nikae jikoni tu, ukuta wa udongo una nyufa za kutosha.

Kumsifu mnyama si majigambo, ni tondozi. Utanzu mwingine kabisa. Sijali! Nitachukua chochote kitakachopita kwenye ufa.

Sijui nitalalaje.

Jumamosi, 11 Februari.

Nimeharibu. Nimeharibu kila kitu.

Alianza vizuri mno. Sauti ilitoka chini kabisa, ikapanda, kuku wakanyamaza. Nikaandika mistari miwili. Halafu nikakumbuka Mwalimu alisema kwamba katika fasihi simulizi mikono, macho na miguu ni sehemu ya shairi. Nikataka kuona mikono. Nikasogea mlangoni. Nikatoa kichwa. Mikono ilikuwa inapaa, fimbo juu, nikasahau mimi ni nani, nikajikuta nje kabisa na kalamu yangu.

Akageuka. Tukatazamana uso kwa uso.

Alijifunika kwa kofia, akaangusha fimbo, akaenda zake njia ya mtoni. Walimaji wakajifanya wanakagua kwato za ng'ombe. Leo hapakulimwa hata mfereji mmoja. Hakurudi kula. Mama mkwe hakucheka tena, alisema tu, "Nasimiyu, mwanangu, ai."

Yule niliyehitaji aseme ndiyo, nimemvunjia heshima uani kwake mwenyewe. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Mtihani basi.

Jumapili, 12 Februari.

Siamini.

Jumapili hakulimwi. Nilikuwa jikoni na Mama mkwe tukimenya ndizi. Tukasikia kwato. Mzee amemleta Chifu mpaka kwenye ukuta wa jikoni, upande wa nje, bila nira wala plau. Akakohoa mara mbili. Mama mkwe akanisukumia kalamu kwa goti.

Alisema kwa Kibukusu. Mimi nimeyageuza Kiswahili kadiri nilivyoweza:

Mimi Makokha, nilikohoa kisiki kikang'oka!
Mimi Makokha, Mlima Elgon husogea kidogo nipite!
Chifu, mgongo wako ni barabara ya lami.
Chifu, udongo ukikuona unajifungua wenyewe.
Chifu, ulikuja kwangu na tumbo kubwa na kitabu kidogo.
Tumbo tulilipokea, kitabu tukakiweka darini.
Nani alikiweka? Ni mimi Makokha, mkono huu.
Chifu, kishushe. Rudi ukamalize ulipoachia.
Mtoto ana nyanya yake, na nyanya hajachoka.
Atakayekuzuia aje aniulize mimi, Makokha!

Kwenye mstari wa tano kalamu ilisimama. Nilimtazama Mama mkwe. Yeye alikuwa anamenya ndizi ileile ambayo tayari alikuwa ameshaimenya.

Alipomaliza alimpiga Chifu kofi la mgongo wakaondoka. Nimelia. Nimesingizia moshi. Moto ulikuwa umezimika.

Nikauliza kwa nini leo, baada ya yale ya jana. Mama mkwe akasema kwamba jana jioni Mzee alirudi, akamuuliza jambo moja tu: yule msichana alitoka nje kufuata nini? Akamjibu, alifuata shairi lako. Mzee akakaa. Akauliza tena: mpaka akasahau mwiko?

Jumanne, 14 Februari. Kitale.

Nimemsomea Barasa kabla hajavua ovaroli. Nilisoma kwa sauti yote, na mikono nikaipaisha. Neema akapiga makofi.

Barasa akasema, "Si alikuwa anaongelesha ng'ombe bana."

Nikamwambia Chifu ni dume, atapataje tumbo kubwa na kitabu?

"Wazee husema vitu vingi kwa ng'ombe. Mimi siwezi kwenda kuambia watu ati ng'ombe ameruhusiwa, kwa hivyo bibi yangu ameruhusiwa."

Nilitaka kumpiga na sufuria. Kisha nikaiona mikono yake. Alikuwa anaipangusa na kitambaa, anaipangusa, haina mafuta tena. Anaogopa. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili anamwogopa baba yake, na anaogopa zaidi kumwelewa vibaya. Hasira ikanipungua nusu. Nusu nyingine bado ninayo.

Jumatano, 15 Februari.

Darasani nimesimama mbele nikaghani. Nilijigamba kama mwenyewe. Wa bodaboda akaruka kwenye benchi: "Ati ng'ombe alianguka form two? Zii bana, huyo ni wewe!"

Mwalimu Naibei akamkalisha, akauliza darasa: nafsineni? Wote: Mzee Makokha. Nafsinenewa? Kelele tupu. Mama wa mboga akasema ni ng'ombe, jina lake si limetajwa? Mwalimu akasema jina linaweza kudanganya, tuangalie mambo anayoambiwa yamempata nani. Mistari miwili ya mwanzo anajigamba. Wa tatu na wa nne anaambiwa mnyama. Kuanzia wa tano anayeambiwa amebadilika, jina tu ndilo limebaki. Akaandika ubaoni: mshairi amelishika jina la Chifu ili aweze kusema na asiyeruhusiwa kusema naye.

Nilitaka kumkumbatia. Nikajizuia, ni mwalimu.

Kumi na saba kwa ishirini! Tatu zimekatwa kwa sababu nilisahau kueleza muktadha, yaani mahali, wakati na waliokuwepo. Ningeelezaje? Niandike kwamba jana yake nilimtokea baba mkwe kama mwizi?

Nimekimbia kutoka Kibomet mpaka nyumbani. Nimekimbia kweli, hii si chuku.

Alhamisi, 16 Februari.

Nimempa Barasa karatasi iliyosahihishwa. Sikumsomea. Nimemwachia juu ya meza, nikaenda kwa jirani, nikakaa huko nikisikiliza habari za mtu nisiyemjua.

Niliporudi alikuwa ameketi palepale. Kidole kwenye mstari wa kumi. Akauliza, "Hapa, 'atakayekuzuia'. Mwalimu anasema huyo ni nani?"

Nikasema Mwalimu hakusema.

Akainuka mezani. Hata chai hakumaliza.

Ijumaa, 17 Februari.

Ameenda karakana mapema, amerudi amechelewa. Nimesuka vichwa viwili vibaya, kimoja nimelazimika kukifumua. Siku zinakwenda. Ikifika mwisho wa mwezi bila jibu, nitasubiri mwaka mwingine mzima, na mwaka mwingine sijui kama nitakuwa na moyo huu. Nimeibandua hata ile karatasi ya kioo. Halafu nikairudisha. Mimi si wa kukata tamaa kwa sababu ya mume anayefikiri polepole.

Jumapili, 19 Februari.

Baada ya kanisa Barasa alichukua simu akatoka uani. Nikamfuata, hakunifukuza. Alimpigia mama yake. Aliuliza mvua, akauliza plau, akauliza mguu wa jirani. Nilikuwa nakunja nguo ambazo hazijakauka.

Mwishowe akasema, "Mama, ile maneno Mzee alisema Jumapili. Muulize alikuwa anaambia nani."

Akaigeuza simu kidogo ili nami nisikie. Mama mkwe akaita. Sauti ya Mzee ikasikika kwa mbali, hatukuyashika maneno. Mama mkwe akarudi hewani.

"Hajajibu hiyo. Yeye anauliza mwalimu alimpa ngapi."

Barasa alinitazama. Nikaonyesha kwa vidole, kumi na saba. Akasema kumi na saba kwa ishirini. Mama mkwe akapeleka ujumbe. Kisha tukamsikia Mzee mwenyewe, karibu kabisa na simu, amechukia kweli:

"Tatu zimeenda wapi?"

Barasa akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo mbele ya sauti ya baba yake, hata siku moja. Akakata simu, akasimama hapo na jua machoni.

"Kesho nitafungua karakana saa nne," akasema. "Nitampeleka Neema shule. Wewe nenda ukajiandikishe."

Nikasema sawa. Nikaendelea kukunja nguo zenye maji.