Maneno Yako ya Kungojea Korosho

Bibi yangu uliyelala kijijini Mtua,

Hili sijamwambia mtu: siku mdogo wangu Somoe alipoungua mkono, nilimkataza kwa lugha ambayo nilijua haielewi.

Unakumbuka ulivyotufundisha kuchoma korosho? Bati lenye matundu juu ya mafiga, mafuta yanaruka na kuwaka, nawe unatutajia kwa Kimwera: moshi kwanza, kisha moto, kisha mchanga, mkono mwisho. Somoe, miaka minne tu, aliyasema yote kwa sauti, mikono ameifumbata mgongoni. Akiruka neno ulimcheka, "Mke mwenza, mkono umetangulia wapi?" Kisha ukanigeukia. "Na wewe, mume wangu wa vitabu, funga daftari."

Tulipokuzika, mama alimleta Somoe, uliyekuwa unamlea kwa Kimwera, kwetu Ruangwa. Siku moja nilikuwa nachoma korosho uani, wenzangu wawili wa darasani wamekaa mkekani. Shuleni kwetu anayeongea kilugha huchekwa wiki nzima. Somoe akasogea. Nikamwambia kwa Kiswahili, haraka haraka, asiguse mpaka nimwage mchanga na zipoe. Akautazama mdomo wangu. Maneno yako yalinifika kooni, nikayameza.

Akanyoosha mkono.

Mama aliniuliza, "Ulimkataza?"

"Nilimkataza."

"Basi mtoto huyu hasikii."

Tangu hapo hata majirani wanamwita Hasikii. Akigusa chochote, anachapwa. Mimi nakaa na kitabu changu na kurasa haziendi. Najua kwako alikuwa anasikia. Yale maneno ndiyo yaliyokuwa yanaishika mikono yake.

Moshi wa korosho ukija kutoka kwa jirani, Somoe huweka mikono mgongoni, midomo yake ikicheza bila sauti. Naiona midomo yako pale, Bibi. Nashindwa kuitazama.

Jana nilimweleza mama ukweli, kwamba nilimkataza kwa Kiswahili. Aliacha kuchambua mchicha, akamwita Somoe, akaushika ule mkono wenye kovu.

Leo wenzangu walipokuja, niliwasha moto uani. Nikamketisha Somoe mbali na bati, nikaanza maneno yako kwa Kimwera, kwa sauti.

"Oya, umerudi kijijini?" mmoja akacheka.

Niliendelea. Somoe hakuitikia. Nikamwaga mchanga, nikaketi karibu naye, nikayaanza tena toka mwanzo.

Mumeo wa vitabu