Niliwakataza Wamama Bukari, Kyabu Akaanguka

Mpendwa Mama Phébé wa redio, naomba msaada, na kama utacheka wakati unasoma basi cheka tu, mume wangu Abner alicheka mpaka akaweka sahani chini, lakini ukimaliza unijibu, maana siku hizi naenda kazini kwa njia ya nyuma nisikutane na wamama wa kanisa langu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Kamina, Mmethodisti, mama wa watoto wanne, na mwaka huu nikiwa naandika ubaoni kifungo cha sketi yangu kiliruka kikagonga dawati la mbele, na watoto wote wakanyamaza kwa heshima, na heshima ile njo iliniuma kuliko kicheko. Jioni nikafungua simu, nikamwona kijana mwenye tumbo la matuta kama shamba la viazi, anafundisha mazoezi kwa Kiingereza, na Kiingereza mimi najua nusu, ile nusu nyingine nikaijaza mwenyewe.

Wamama wa kanisa waliponiona natembea mbio mbio asubuhi wakataka niwafundishe na wao, nikanunua filimbi, na kila Jumamosi tukawa tunalala kwenye mikeka nyuma ya kanisa, tunakunja matumbo, mimi napiga filimbi, wao wananiita Coach, na Mama Phébé, jina lile lilinipanda kichwani kuliko pombe ya lutuku. Nikawaeleza kwamba tumbo lina msuli mmoja, na ukiukunja sana unakula mafuta yaliyo juu yake kama kiwavi anavyokula jani. Hakuna aliyenifundisha hilo. Lilitoka mdomoni mwangu lenyewe, nikaona ni zuri, nikalirudia. Kisha nikawakataza bukari, ugali wetu wa kila siku, nikasema bukari ni mafuta yaliyojificha, wawe wanakula mayai na majani tu, na huku mimi mwenyewe kila nikitoka kazini napita kwa dada yangu Julie, tunafunga mlango, nakula bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kinkondja, najiambia naonja.

Kati ya wamama hao alikuwa Kyabu, mdogo kuliko wote, bibi ya askari wa Base, ile kambi ya jeshi, mwenye mtoto mchanga bado ananyonya. Huyo njo alinisikiliza kuliko wengine. Jumamosi moja akaniambia, "Coach, minyi nasikia kichwa inazunguka."

Nikamjibu, "Ni mafuta njo yanatoka, Kyabu. Endelea."

Nilisema hivyo, filimbi iko mdomoni. Akaendelea. Aliposimama akaanguka kama nguo inayotoka kwenye kamba, mtoto wake akaanza kulia kwenye mapaja ya mama mwingine, sisi tunampepea, tunatafuta chai ya sukari, na alipofungua macho akaniangalia akasema, "Pardon, Coach. Sikumaliza."

Na mimi, mbele ya watu wote, nikamwambia si kitu.

Baada ya hapo mume wake, Kalunga, alikuja kunisubiri kwenye geti la shule. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Mwalimu, bibi yangu iko ananyonyesha mutoto, maziwa imepunguka, na weye unamukataza bukari. Hii mambo ulisomea wapi?"

Nikasema ni njia ya kisasa. Akaniangalia sana, akasema aksanti, akapanda kinga, baiskeli yake, akaenda.

Sasa wamama wanataka tuendelee, wanasema Kyabu ni mlegevu tu, na mimi sijawasahihisha, ninatabasamu. Je, niwaambie ukweli niwe kichekesho cha Kamina yote, au niseme goti linaniuma na mazoezi yafe polepole yenyewe? Goti nimeshaanza kulichechemea. Naomba usisome jina langu hewani.

Mimi, Mwalimu.

*

Mwalimu,

Nimecheka mpaka nilipofika kwa Kyabu. Hapo niliacha. Nimemtuma muuguzi mmoja ninayemfahamu aende kumwona: Kyabu yuko salama, anakula, mtoto ananyonya vizuri. Hiyo ni bahati yako, si kazi yako.

Tuanze na mwili, maana huo ni rahisi. Tumbo halina msuli mmoja. Kuna ule wa mbele unaoshuka kutoka mbavu, kuna ya ubavuni inayopishana, na ndani kabisa kuna mmoja unaozunguka kiuno kama kikwembe kilichofungwa vizuri. Hakuna hata mmoja unaokula mafuta ya jirani yake. Mwili hutoa mafuta pale unapotaka wenyewe, hauulizi ulikunja wapi. Tena mama aliyezaa juzi, ule msuli wa mbele mara nyingi umeachana katikati. Kumkunja kunja kunaweza kumharibia. Huyo aonwe na mkunga kwanza, apumue vizuri, atembee.

Misuli mikubwa mnaikalia. Mapaja na matako, basi. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, rudia mpaka uchoke, halafu pumzika siku inayofuata, maana msuli hujengwa wakati wa kupumzika. Na haujengwi kwa njaa! Bukari ni kuni za mwili; maharagi, samaki, karanga na mayai ndiyo matofali. Kosa la meza zetu si bukari, ni mlima wa bukari na kijiko cha maharagi pembeni. Punguza mlima, ongeza maharagi, usiache sombe. Anayenyonyesha hapunguziwi chochote. Anaongezewa, na maji ya kunywa pia.

Sasa wewe. Hilo goti lipone leo. Jumamosi utasimama mbele ya wamama useme uliwafundisha usichokijua, na bukari ulikuwa unakula nyuma ya mlango uliofungwa. Watacheka sana, na wengi watarudi, kwa sababu kutembea pamoja kunawafaa. Ila usimwache hata mmoja aseme tena kwamba Kyabu ni mlegevu. Ukitabasamu hapo, umemwangusha mara ya pili.

Lakini Base, kwa Kyabu, unaenda kwanza, kabla ya Jumamosi. Peleka maharagi na samaki, usiwaeleze habari ya misuli, usitaje simu. Kalunga akikuuliza tena ulisomea wapi, mjibu kwamba hukusoma. Kyabu mwombe pardon kwa jina lake, kisha unyamaze. Wakikufungia mlango, ni haki yao, utarudi kesho yake.

Jibu hili nakutumia wewe kwanza. Jumatano jioni nitalisoma hewani pamoja na barua yako, na jina lako sitalitaja kama ulivyoomba. Ila Kamina nzima haina mwalimu mwingine anayepiga filimbi nyuma ya kanisa. Nenda kabla ya Jumatano.

Mama Phébé