Mke Wangu Ana Kemikali Kichwani

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisaidie kwa sababu nimefanya kila nililoweza na sasa sijui kama nimejenga au nimebomoa. Mimi ni mkulima wa nyanya hapa Ilula, mkoani Iringa, na mke wangu Matilda alikuwa mtu wa kucheka, alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani, alikuwa akiamka kabla yangu, lakini tangu Februari analala amegeukia ukuta, chakula hali, haogi mpaka aambiwe, na mama yangu mzazi akija kumsalimu "Kamwene!" haitikii, mama akasema, "Mwanangu, huyu anajifanya, ana kiburi, kamwene yangu ina kosa gani?" nami nikaamini anajifanya, kwa sababu hatukufiwa, hatukugombana, na nyanya zilitoka vizuri tu.

Nilimpeleka hospitali, daktari akaongea naye muda mrefu, kisha akaniita akasema, "Baba, mke wako ana sonona, kemikali za ubongo haziko sawa," akampa vidonge vya mwezi mmoja, na mimi nikatoka pale na hofu, maana kemikali nazijua, ndizo tunazopulizia nyanya kila wiki, na anayezichanganya kwenye pipa ni Matilda, tena bila kitambaa mdomoni, nikajua zimempanda kichwani. Alimeza vidonge siku kumi, akawa anatapika na hajachangamka, mama akaniuliza, "Yaani unaongeza kemikali juu ya kemikali?" nikavitupa chooni, nikaanza kumpa maziwa, kwa sababu huku kwetu aliyevuta dawa ya shambani hupewa maziwa, lita moja asubuhi na lita moja jioni, naye alikunywa bila kubisha, machozi yakiingia kikombeni, siku moja akasema, "Baba Adrian, haya mpe mtoto, kwangu yanapotea bure."

Lakini leo, Jumatano, Mama, nimeshangilia: ameamka mwenyewe, amefagia uwanja, ameoga, amempa wifi yake Faustina vitenge vyake vitatu vizuri, halafu akaniuliza kwa upole, "Ufunguo wa stoo ya dawa uko wapi?" nikajua anataka kurudi kazini. Ufunguo anao kaka yangu Filemoni, yuko Igawa, atarudi Jumanne, nimemwambia Matilda avumilie. Swali langu ni hili: niendelee na maziwa, au sasa yametosha? Alikuwa mke mwema na ninamtaka arudi.

Anord, Ilula

Ndugu Anord (majina yenu yote nimeyabadili),

Barua yako ilinifikia hapa Mbeya Jumatatu asubuhi. Sikungoja siku ya gazeti, nilipiga namba uliyoiandika chini, nawe ukasema, "Mama, mbona unanitisha?" Nilikusudia kukutisha. Mgonjwa wa sonona aliyelala miezi kadhaa, kisha akaamka ghafla, akagawa nguo zake na kuulizia ufunguo wa sumu, harudi kazini. Anaaga.

Nilikuagiza umwulize waziwazi kama anataka kufa. Uliogopa kwamba utamtia wazo hilo. Ulimwuliza, akalia, akakujibu ndiyo, na siku hiyohiyo mkaenda hospitali. Hapo ulifanya vema. Haya mengine nayaandika kwa idhini yenu, kwa kuwa nyumba yenu si ya peke yake.

Neno "kemikali" limekuponza. Daktari alikosea kumtupia mkulima wa nyanya neno hilo bila maelezo, nawe ulikosea kutouliza. Ubongo wa kila mtu, wako na wangu, una kemikali zake wenyewe. Hizo ndizo hupeleka habari kutoka chembe moja ya ubongo hadi nyingine: njaa, usingizi, furaha, hata hamu ya kuitikia salamu. Katika sonona, upelekaji huo huvurugika. Usifikirie tangi lililopungua maji, kwamba ukilijaza kazi imekwisha. Madaktari wenyewe wanakiri kwamba hawajajua yote, na urithi wa ukoo, uchovu na mambo yaliyomkuta mtu navyo vimo. Ndiyo maana sonona huweza kuingia nyumba isiyo na msiba.

Vidonge huwasaidia wengi, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa, na kichefuchefu hutangulia. Wewe ulivitupa siku ya kumi. Je, hung'oa miche ya nyanya siku ya kumi kwa sababu haijazaa? Maziwa mpe mtoto, kama mama yake alivyosema.

Sasa sikiliza. Sumu yote itoke nyumbani kwako, kufuli halitoshi. Ikae nyumbani kwa Filemoni, na mtu wa nyumba yako asikabidhiwe ufunguo. Matilda asiachwe peke yake hadi daktari atakaporidhika. Dawa isiachwe wala isipunguzwe bila daktari kusema, na umwulize pia juu ya mtu aliyesomea kuzungumza na wagonjwa wa namna hii, kwa sababu vidonge pekee si tiba nzima. Mwambie daktari kwamba aliyetupa dawa ni wewe, usimsingizie mgonjwa. Vitenge vitatu Faustina avirudishe kabatini mwa Matilda. Mama yako mwambie, kwa heshima, kwamba kamwene yake haikudharauliwa. Ilimfikia mtu asiyekuwa na nguvu ya kuiinua.

Nimesahihisha insha kwa miaka thelathini na minne, kwa hiyo utaniwia radhi. Umeandika "anajifanya". Futa kitenzi hicho, andika "anaumwa". Tena mara nne umeandika kwamba mkeo "alikuwa". Mimi nilikuwa na dada. Tulimwita mvivu, tukamfungia chai asubuhi ili njaa imwamshe, na leo nikimtaja sina wakati mwingine wa kutumia ila huo uliopita. Wewe unao. Matilda yupo. Msalimie asubuhi hii, asipoitikia msalimie kesho, na utakaponiandikia tena, mwandike katika wakati uliopo.

Bibi Tusajigwe