Maua ya Waya Mbele ya Dirisha la Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na wanao. Mama hajambo, ila macho ndiyo hayo, anaona ukungu tu. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechafuka, na utaniwia radhi nikiandika kwa hasira.

Unaukumbuka ule mti mdogo wa maua aliouotesha Baba mbele ya dirisha la Mama, unaochanua baridi ikiisha, hata kabla ya majani? Baba aliupogoa maua yakishapukutika tu, kwa kuwa vitumba vya mwaka unaofuata hujifunga mapema. Kaka yetu, mjuaji wa kila kitu, ameuvamia kwa msumeno baridi ingali kali. Nilipomkataza alinicheka, akasema nyumba inatakiwa ipendeze. Vitumba vyote vikaishia kwenye toroli.

Basi miti ya majirani imechanua, sisi tuna fimbo. Juzi narudi kutoka kazini, nakuta mti umejaa maua. Nikasogea. Plastiki, Dada! Yamefungwa kwa waya, na moja bado lina kibandiko cha bei. Nilisikia kinyaa kama mtu aliyetia mkono kwenye ndoo ya mabaki yaliyochacha.

Kumbe sebuleni kuna mgeni, mnunuzi wa nyumba. Nyumba ya Mama, na mwenyewe hana habari! Kaka akamtoa Mama nje, mgeni nyuma yao, akamwambia mti wa marehemu Baba umechanua, afurahi, kisha aweke dole gumba kwenye karatasi za ukarabati. Ukarabati! Mama akapapasa ua, akalinusa, akajifuta vidole kwenye gauni. Akauliza mbona hasikii nyuki, na ukarabati unamhitaji mgeni wa nini. Halafu akamwambia mgeni kwamba nyumba hii haiuzwi, na aende zake salama.

Nilimbana kaka jikoni mpaka akatapika yote. Dada, sentensi hii nimeifuta mara kadhaa. Mnunuzi alitafutwa na mumeo. Maua aliyaleta yeye, akayafunga kwa mikono yake, siku ile aliyokuaga kwamba anakwenda semina. Mama alipouliza nani yuko dirishani, kaka akamwambia ni fundi, naye maskini akamwombea baraka. Shemeji alimsikia, akaendelea kukaza waya.

Kaka anasema watarudi na karatasi nyingine. Njoo, tafadhali. Peke yangu siwawezi.

Mama anakusalimu sana. Nibusie watoto. Mumeo usimpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Kitindamimba